Saa za Kusoma ni za Nani?

Tarehe 19 Juni 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 za Ulaya walitia saini tamko fupi mjini Bologna, Italia, mji ambao chuo kikuu chake huhesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote barani humo. Walitaka shahada iliyotolewa Lisbon ieleweke Helsinki, na masomo yapimwe kwa krediti zinazohamishika. Ndani ya tamko hilo yalikuwamo maneno machache ambayo wakati ule hayakupigiwa kelele: kwamba krediti zinaweza kupatikana hata nje ya chuo kikuu, kwa njia ya elimu ya maisha yote, mradi chuo kinachompokea mtu kizitambue. Mawaziri walipokutana tena Prague mwaka 2001, elimu ya maisha yote ikaingizwa rasmi katika orodha ya malengo, na haijatoka humo tena.

Robo karne imepita na swali lenyewe bado ni bichi. Chuo kikuu cha Ulaya kina wajibu gani kwa mtu wa miaka arobaini, mwenye kazi na watoto, anayetaka kujiendeleza? Mimi nina upande. Naamini chuo kikuu kinadaiwa na mtu huyo, na kwamba deni lenyewe ni la muda kabla halijawa la vyeti. Lakini upande wangu una watetezi wanaouharibu, na upande wa pili una watu makini ambao hoja zao hazijajibiwa. Ndiyo maana nimewaweka watano mezani wabishane. Hawana majina kwa sababu nimewabuni. Hoja wanazozitoa nimezikuta zikisemwa kwa dhati na watu wengi.

AFISA anashughulikia sera za elimu Brussels, naye ndiye mtoa hoja. MHADHIRI anafundisha historia katika chuo kikuu cha umma nchini Ujerumani, anapinga. MWAJIRI anamiliki nyumba ya kutunzia wazee kusini mwa Ujerumani, yenye wafanyakazi wasiofika hamsini. MUUGUZI ametoka Kenya na anafanya kazi katika nyumba hiyo ya wazee. MZEE ni Mtaliano, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu ujana wake. Mwenyekiti ni mimi, na sikuahidi kunyamaza.

Hoja iliyo mezani: vyuo vikuu vya Ulaya viwe na wajibu kwa mfanyakazi ulio sawa na ule vilivyo nao kwa kijana aliyemaliza sekondari.

AFISA: Asante, Mwenyekiti. Nianze na hali ilivyo. Katika nchi nyingi za Ulaya watoto wanaozaliwa wanapungua, watu wanastaafu kwa kuchelewa, na kazi inabadilika mara tatu au nne kabla mtu hajastaafu. Shahada aliyoipata akiwa na miaka 23 haitamfikisha 67. Viongozi wa Umoja wa Ulaya wameliona hilo. Mwaka 2021, huko Porto, waliweka lengo kwamba ifikapo 2030, watu wazima 60 katika kila 100 wawe wanapata mafunzo ya aina fulani kila mwaka. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha wako 39.5 tu. Pengo hilo ni kubwa. Tarehe 16 Juni 2022 Baraza la Umoja likapitisha mapendekezo mawili: moja kuhusu vyeti vidogo vya masomo mafupi, la pili kuhusu akaunti ya masomo ya kila mtu. Cheti kidogo kitasema nani amekitoa, mwenye cheti amejua nini, amesoma kwa muda gani, amepimwaje na nani amehakikisha ubora. Mtu anasoma wiki sita leo, wiki nane mwakani, anakusanya. Haba na haba hujaza kibaba.

MHADHIRI: Hujaza kibaba kama kibaba kipo, ndugu yangu. Kibaba chenyewe ni mtaala, yaani mpangilio wa mambo yanayotegemeana, la pili likisimama juu ya la kwanza. Wewe unanipa haba bila chombo. Mimi hutumia muhula mzima kumfundisha mwanafunzi kuisoma hati moja ya karne ya 17 mpaka aanze kuitilia shaka. Wiki ya nne bado anaiamini, wiki ya tisa anakasirika, wiki ya kumi na mbili anaanza kuuliza ni nani aliyeiandika na kwa nini. Nikimkata wiki ya sita na kumpa cheti, nimempa nini? Na kuna jambo la pili, ambalo hulisemi kwa sauti. Vijana wa miaka 18 wanapungua, madarasa yanabaki matupu, na bajeti hugawanywa kwa idadi ya vichwa. Uongozi wa chuo unamtafuta mtu mzima kwa kuwa unatafuta mteja. Na mwajiri, ambaye zamani alimfunza mfanyakazi wake kwa gharama yake, anatafuta wa kumbebesha gharama hiyo.

Hapa Mhadhiri amegusa kidonda, nami sitamkatiza. Mfumo wa krediti ulianza mwaka 1989 ndani ya mpango wa Erasmus, kumsaidia mwanafunzi aliyekwenda nchi nyingine kwa muhula mmoja arudi na masomo yake yahesabiwe. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Ni kipimo kizuri cha kuhamisha masomo. Hakikukusudiwa kuamua kipande kidogo cha elimu kinaweza kusimama chenyewe au la, na kila ninapoona tangazo la kozi ya krediti mbili linaloahidi kubadilisha maisha ya mtu, naona Mhadhiri ana haki ya kulalamika.

MWAJIRI: Mimi ndiye ninayesingiziwa, basi nijibu. Mwalimu, sikatai kusomesha. Nimewasomesha watu wangu. Nimemlipia mmoja kozi ya utunzaji wa vidonda, miezi minane, na nikamtafutia wa kumshikia zamu. Alipomaliza, hospitali kubwa ya jirani ikampa mshahara nisioweza kuulipa. Akaenda, na simlaumu. Kampuni kubwa ina idara ya mafunzo. Mimi nina ratiba ya zamu ukutani na simu ya mkononi. Huko katika jimbo la Baden-Württemberg wana mfumo ninaouonea wivu: kijana anaajiriwa na kampuni, miezi mitatu yuko kazini, miezi mitatu yuko chuoni, na mshahara unaingia mwaka mzima. Ulianza mwaka 1974 kwa msukumo wa viwanda vikubwa kama Bosch na Daimler-Benz, na mwaka 2009 ukapewa hadhi ya chuo cha elimu ya juu. Tukitaka kuunganisha kazi na elimu ya juu, mfano huo hapo.

MHADHIRI: Mfano mzuri, bwana, ila ni wa vijana. Na kijana hawezi kuingia kabla hajapata mkataba na kampuni. Mlango wa chuo unafunguliwa na mwajiri.

MUUGUZI: Mzee wangu, shikamoo. Nanyi wengine, hamjambo. Naomba nami nisikilizwe, maana mnazungumza juu ya watu kama mimi. Nilifika Ujerumani na stashahada ya uuguzi na uzoefu wa miaka tisa wodini. Nikapeleka karatasi zangu zilizotafsiriwa na kugongwa mihuri. Mtaala wangu ukalinganishwa na wa kwao saa kwa saa: anatomia saa ngapi, utunzaji wa wazee saa ngapi, mazoezi ya hospitali saa ngapi. Baadaye nikapokea barua yenye orodha ya mapungufu yangu. Ukiipata barua hiyo una njia mbili: kozi ya kuziba mapengo, au mtihani wa maarifa, wenye sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo mbele ya mgonjwa. Mpaka umalize, wewe ni msaidizi. Naona mgonjwa anaanza kubadilika hata kabla mashine haijalia, nakimbia kumwita mwenye kibali, namsimulia kwa Kijerumani changu cha darasa la usiku, kisha nasimama kando.

Uzoefu unaweza kufidia saa zinazopungua, niliambiwa hivyo. Lakini barua ya hospitali niliyotoka ilikuwa na mistari minne: alifanya kazi hapa tangu tarehe hii hadi hii, ni mchapakazi, ni mwaminifu, tunamtakia heri. Hakuna mahali panaposema nilizalisha wangapi, niliongoza zamu ngapi peke yangu, nilifundisha wanafunzi wangapi wa mafunzo ya vitendo. Miaka tisa ikawa mistari minne. Mnanihimiza nijifunze maisha yote, sawa. Niliyojifunza tayari yako wapi?

Nilimwomba Afisa asijibu haraka. Swali la Muuguzi lina historia yake Ulaya, na katika historia hiyo Ufaransa imetangulia. Sheria ya tarehe 17 Januari 2002 iliruhusu mtu kupata shahada, hata nzima, kwa uzoefu wa kazi. Mwanzoni ilitakiwa miaka mitatu. Mwaka 2016 ikapunguzwa kuwa mmoja. Mwombaji haonyeshi barua ya mwajiri na kuondoka. Anaandika jalada nene linaloichambua kazi yake: alikuta tatizo gani, alikuwa na njia zipi, alichagua ipi na kwa nini, alikosea wapi, angefanyaje leo. Kisha anakaa mbele ya jopo la wahadhiri na watu wa fani, wanamhoji. Jopo linaweza kumpa shahada yote, kumpa sehemu na kumwelekeza akasome kilichobaki, au kumkatalia.

MHADHIRI: Kwa hilo sina ugomvi, na nadhani linanistahili mimi zaidi kuliko Afisa. Anayeandika jalada la namna hiyo anafanya kile ninachokitaka kwa mwanafunzi wangu wa wiki ya kumi na mbili. Anaitazama kazi yake mwenyewe kama hati, anaihoji. Ila tuseme ukweli: wengi huanza jalada na kuliacha katikati. Mtu anarudi nyumbani saa mbili usiku, anapikia watoto, kisha anaambiwa aandike kurasa kwa lugha ya chuo kikuu ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Bila mhadhiri wa kukaa naye, sheria hiyo inawafaa waliokwisha kujua kuandika.

MUUGUZI: Na mhadhiri wa kukaa naye analipwa na nani, Mwalimu?

MHADHIRI: Hakuna. Kazi hiyo haimo katika mkataba wangu. Mimi hupimwa kwa makala ninazochapisha.

Hilo ni la kuandikwa kwa wino. Mwaka 2008 vyuo vikuu vya Ulaya, kupitia jumuiya yao, vilitoa hati ya ahadi kuhusu elimu ya maisha yote, na ndani yake viliahidi ushauri kwa mwanafunzi wa umri wowote, vikaahidi pia kuyatambua aliyojifunza mtu nje ya darasa. Ahadi nzuri, iliyoandikwa na watu wenye nia njema. Lakini mhadhiri anapandishwa cheo kwa utafiti, na saa anayoitumia kumsaidia mfanyakazi wa usiku kupanga jalada lake haihesabiwi na mtu. Chuo kinachotaka kumpokea mtu mzima kianze kwa kubadili kinachohesabiwa kuwa kazi ya mwalimu.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Nimewasikiliza wote, na nashangaa hakuna aliyetaja kipindi tulichopigania jambo hili. Mwaka 1973 sisi wa viwanda vya chuma Italia tulipata mkataba wa hali bora wa taifa zima. Ndani yake mlikuwa na saa 150. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya saa 150 za masomo zilizolipwa kama saa za kazi, katika miaka mitatu. Sharti lilikuwa moja: kozi iwe na urefu wa angalau mara mbili ya hizo, maana yake nusu mwajiri anatoa, nusu unatoa wewe kwa muda wako. Wengi wetu tulikuwa tumeacha shule tukiwa watoto. Madarasa ya kwanza yalikuwa ya cheti cha shule ya kati. Unamwona mtu mwenye mikono kama yangu, amekaa kwenye dawati la mtoto wa miaka 13, anaandika insha.

Baadaye tukaenda vyuo vikuu. Hatukwenda kuchukua shahada. Tulikwenda kwenye semina, pamoja na wanafunzi vijana, tukazungumzia moshi, kelele na kemikali za viwandani. Maprofesa walijua sumu inaingiaje mapafuni. Sisi tulijua ni mashine ipi, zamu ipi, na mlango upi huwa umefungwa. Walijifunza kwetu. Na madarasa yale hayakubaki ya wanaume wa viwandani, mwanangu. Wakaja wafanyakazi wa kazi nyingine, wakaja na mama wa nyumbani.

Sasa sikilizeni hili. Inasimuliwa kwamba wakati wa majadiliano, upande wa wenye viwanda uliuliza kwa dharau: saa hizo mtazitumia kufanya nini, kujifunza kupiga harpsikodi? Ile ala ya kale yenye nyuzi na vibonyezo, ya kwenye kasri za wakuu. Na upande wetu ukajibu: ndiyo, akitaka kujifunza harpsikodi, atajifunza harpsikodi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yetu. Saa zilikuwa zetu. Kampuni ilizilipia, lakini haikutuchagulia somo.

Mezani kulikuwa kimya, na nilikiacha kimya hicho kwa kuwa Mzee ameupindua mjadala. Mpaka hapo Afisa na Mhadhiri walikuwa wakibishania cheti, kikubwa au kidogo, kizima au vipande. Mzee anauliza saa za kusoma ni mali ya nani.

Na hakuwa peke yake duniani. Miaka hiyo ya sabini ilikuwa na joto lake. Sweden ilikuwa inawafungulia vyuo vikuu watu waliotimiza miaka 25 na wenye uzoefu wa kazi wa miaka minne, hata kama hawakumaliza sekondari. Tanzania nayo, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliamua kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Njia ilikuwa tofauti na utekelezaji ulikuwa na matatizo yake, lakini imani ilikuwa ya aina moja: kwamba kazi humwandaa mtu kwa chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Unataja mafunzo ya ngazi yoyote, unataja elimu ya jumla, ya jamii na ya uraia, unataja pia elimu ya chama cha wafanyakazi. Ujerumani imeuridhia, Ufaransa imeuridhia, Sweden imeuridhia. Kenya na Tanzania pia. Ni mkataba wa zamani kuliko Tamko la Bologna kwa robo karne, na katika mikutano ya mawaziri nausikia ukitajwa mara chache mno.

MWAJIRI: Mzee, nakuheshimu. Lakini ninyi mlikuwa maelfu ndani ya kiwanda kimoja. Akitoka mmoja, mkanda unaendelea. Kwangu akitoka mmoja, kuna mzee wa miaka 90 ambaye hatageuzwa kitandani saa nane za usiku. Halafu Ujerumani tayari ina likizo ya masomo. Majimbo mengi yanampa mfanyakazi siku tano kwa mwaka. Wanaoziomba ni wachache sana.

MUUGUZI: Bosi, unajua kwa nini haziombwi. Ratiba ikishabandikwa, jina langu likitolewa, anayechukua zamu yangu ni mwenzangu ambaye mgongo wake umechoka kama wangu. Haki ipo, lakini nikiitumia namwumiza jirani yangu, na mwezi ujao ananitazama. Anayeweza kuchukua siku tano bila kumwumiza mtu ni mtu wa ofisini.

AFISA: Sweden imelitafutia jibu. Kuanzia Oktoba 2022 mtu wa miaka 27 hadi 62, aliyefanya kazi angalau miaka minane katika kumi na minne iliyopita, anaweza kuomba kusoma hadi wiki 44 na kulipwa mpaka asilimia 80 ya mshahara wake, kwa kiwango chenye ukomo. Haikubuniwa na wizara peke yake. Ilitokana na makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Maombi yalikuwa mengi kiasi kwamba ofisi inayoyashughulikia ililemewa.

MZEE: Mnaona? Mkiweka mshahara, watu wanapanga foleni. Mlisema hawana hamu ya kusoma.

MHADHIRI: Na wanapofika chuoni wanakuta nini? Hapa Ujerumani kijana wa miaka 19 anasoma shahada ya kwanza katika chuo cha umma bila kulipa ada ya masomo. Mtu mzima akitaka uzamili wa kujiendeleza, ule uliopangwa kwa ajili ya wafanyakazi, anapelekwa ofisi nyingine, mara nyingi jengo jingine, na anatozwa gharama kamili, maelfu ya yuro. Mimi napinga hoja yako, Afisa, lakini hata mimi naona aibu kwa hili. Mna chuo kimoja chenye milango miwili, na wa pili una bei.

Sikutegemea kauli hiyo itoke kwa mpinzani, na ndiyo iliyonifanya nifikiri kwamba hana ugomvi na mfanyakazi; ana ugomvi na soko. Uingereza inatoa ushahidi wa upande wake. Chuo Kikuu Huria kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1969, na Januari 1971 kikawapokea wanafunzi wa kwanza, takriban 25,000, bila kumdai yeyote cheti cha kuingilia. Mihadhara ilirushwa na BBC, vifurushi vya vitabu vilifika kwa posta, na mwalimu mlezi alikuwepo karibu na anapoishi mwanafunzi. Mafundi, mama wa nyumbani, madereva na wafungwa walipata shahada zisizotofautiana na za wengine. Kisha, tangu mwaka 2008, serikali iliacha kugharimia masomo ya mtu aliyekwisha kuwa na shahada ya ngazi ile ile, na mwaka 2012 ada za England zikapandishwa na kuwa mikopo mikubwa. Katika muda wa kama muongo mmoja, idadi ya waliojiunga na masomo ya muda wa ziada huko England ilishuka kwa zaidi ya nusu. Kijana wa miaka 18 anaukubali mkopo kwa kuwa ana miaka arobaini ya kuulipa na mama yake anamwambia aende. Mama wa watoto wawili, mwenye kodi ya nyumba, akiona deni la maelfu anafunga ukurasa. Sasa England inaandaa haki mpya ya kukopa kwa masomo yenye thamani ya miaka minne ya ada, hata kwa kozi fupi. Naitakia mema. Bado ni mkopo.

AFISA: Ndiyo maana tunapendekeza akaunti. Kila mtu awe na fedha zake za masomo, azitumie anapotaka. Hilo si ndilo analolitaka Mzee? Uhuru wa kuchagua?

MZEE: Sisi tulichagua tukiwa pamoja, kijana wangu. Tulikaa darasani na watu tuliofahamiana, na chama kilikuwa nyuma yetu.

Ufaransa ilianzisha akaunti ya namna hiyo mwaka 2015, na tangu 2019 inajazwa kwa yuro: kwa mfanyakazi wa kawaida yuro 500 kila mwaka hadi zifike 5,000, kwa asiye na sifa za elimu yuro 800, hadi 8,000. Watu wengi wameitumia na kufaidika. Lakini pia simu za Wafaransa zilijaa ujumbe wa matapeli: akaunti yako inakaribia kuisha muda, bonyeza hapa, jisajili. Fedha za watu zikaliwa na kozi hewa, mpaka ikabidi itungwe sheria mwishoni mwa 2022 kuwapiga marufuku wanaowapigia watu simu kutangaza mafunzo hayo. Tangu 2024 mwenye akaunti anatakiwa kuchangia kiasi kutoka mfukoni. Mtu aliyezoea shule anajua kuitofautisha kozi nzuri na mbovu. Aliyeiacha shule mapema, ambaye akaunti ilikusudiwa hasa kumfaa, ndiye anayetapeliwa. Fedha bila mshauri wa kuaminika ni mtego, na chuo kikuu cha umma ndicho kilichotakiwa kuwa mshauri huyo.

Nikamwomba Mhadhiri aseme kama angekubali hoja ikirekebishwa: mlango mmoja kwa wote, ada sawa na ya kijana, muda wenye malipo, somo achague msomaji. Hakujibu moja kwa moja. Alimgeukia Muuguzi.

MHADHIRI: Dada, tuseme umepewa wiki 44 za Sweden, na chuo changu kikakufungulia. Ungesoma nini?

MUUGUZI: Takwimu. Na epidemiolojia, kama nitaiweza. Kuna jambo limenisumbua tangu nianze zamu za usiku. Wazee wetu wanaanguka zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Wenzangu wanasema ni dawa za usingizi. Mimi nahisi ni kiu. Tunawanyima maji jioni ili wasiamke kwenda chooni, na alfajiri wanaamka wenyewe kutafuta. Sina namna ya kuthibitisha. Naandika kwenye daftari langu nani kaanguka, saa ngapi, alikunywa nini. Ningependa kujua daftari hilo linatosha kusema nini.

MHADHIRI: Hilo ni swali la utafiti. Hakuna kozi ya wiki sita itakayokupeleka huko.

MUUGUZI: Hata wiki 44 hazitoshi. Ningehitaji kama miaka miwili, nusu kazini, nusu chuoni, maana wazee wenyewe wako kazini, si chuoni.

MWAJIRI: Mwenyekiti, jibu la swali hilo nalihitaji kuliko mtu yeyote aliye mezani hapa. Kila mzee anayeanguka nalijua jina lake, na mimi ndiye ninayempigia mwanawe simu. Nitamwachia nusu ya wiki kwa moyo mmoja. Lakini nusu hiyo nani ataishika? Muuguzi wa akiba analipwa zaidi ya wa kudumu, na kupatikana kwenyewe ni shida. Afisa, katika mapendekezo yenu hayo mawili, kuna fungu la kumlipa anayebaki zamu?

AFISA: Pendekezo la akaunti linazihimiza nchi ziweke likizo ya masomo yenye malipo. Ni pendekezo, haliilazimishi serikali yoyote. La anayebaki zamu litabidi nilipeleke Brussels.

MZEE: Lipeleke. Na ukilipeleka, mchukue na huyu binti na daftari lake.